Hasara Isiyo na Mwizi

Katika mazungumzo ya maadili imezoeleka kwamba palipo na dhara hapakosi mdhuru. Mali ikipotea, hutafutwa mwizi. Asipopatikana mwizi, hutafutwa mzembe. Naye akikosekana, watu husema ni bahati mbaya, wakaenda zao. Walakini liko somo moja vyuoni siku hizi ambalo huitikisa kawaida hiyo, nalo ni somo la programu sambamba, yaani ufundi wa kuigawa kazi moja ili vichakataji kadhaa vya kompyuta viifanye kwa wakati mmoja.

Kijana atokaye Bariadi kwenda kusoma somo hilo Dodoma au Dar es Salaam hafiki mikono mitupu. Usukuma ulijua tangu zamani kugawa kazi. Vijana walikusanyika katika vikundi vya kulima, wakajipanga shambani, na ngoma ikawapimia mwendo. Bugobogobo, ngoma ichezwayo kwa majembe, yangali inakumbusha desturi hiyo. Katika kilimo cha namna ile kila jembe lina mahali pake, wala mkono hauingilii mkono wa jirani. Kazi kama hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote kuigawa. Taabu huanza mikono mingi inapokishika kitu kimoja.

Itazamwe pamba, zao kuu la biashara la Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Na ichukuliwe kwamba kuchuma shamba humchukua mtu mmoja siku 9, na kupima mzigo wote kwenye mizani ya chama cha msingi huchukua siku 1. Wachumaji 9 watachuma kwa siku 1, na kazi yote itakwisha kwa siku 2. Waje wachumaji 1,000, siku ya mizani itabaki pale pale. Gene Amdahl alilieleza jambo hili juu ya kompyuta mwaka 1967; mkulima aliyepata kungoja zamu ya mizani hakuhitaji kuelezwa. Lakini hiyo ni hasara ya muda tu.

Kubwa ni hili. Makarani wawili wana daftari moja, na jumla iliyoandikwa ni kilo 400. Wa kwanza anaisoma, anakwenda kuongeza kilo 60 alizopokea. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 400 na kuongeza 85. Wa kwanza anaandika 460. Wa pili anaifuta na kuandika 485. Jumla ya haki ni 545. Kilo 60 za mkulima zimetoweka, na kila karani aweza kuapa kwamba alisoma sawa, akajumlisha sawa, akaandika sawa. Kiapo chake ni cha kweli! Tena wakitazamwa kwa msimu mzima, huenda wasigongane hata mara moja mbele ya mkaguzi.

Nani, basi, mwenye hatia? Wasemao ni bahati mbaya wamejibu upesi mno. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao wakafa. Sababu mojawapo ilikuwa ya jamii moja na daftari hili: mwendeshaji alipofanya masahihisho kwa haraka, sehemu moja ya programu iliamini hivi na nyingine iliamini vingine. Mwenye kuandika polepole hakuliona kosa. Lilimtokea mwenye vidole vyepesi, yaani aliyeizoea kazi yake. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya kuonekana kwa macho. Katika hii viliondolewa, ikaaminiwa programu. Kumlaumu mwendeshaji kwa wepesi wake ni dhuluma. Hatia ilikaa katika mpango, kwa mtu ambaye hakuwamo chumbani wala hakumtakia mgonjwa mabaya, lakini aliiacha njia wazi.

Dawa ya makarani ni kufuli: atakaye kuandika alishike daftari peke yake tangu kusoma hata kuandika, na mwenzake angoje. Edsger Dijkstra alitoa ufumbuzi wa swali la aina hii mwaka 1965. Hata hivyo kufuli lina hila zake. Karani mmoja akilishika daftari huku akingoja mizani, na mwenzake akiishika mizani huku akingoja daftari, wote wawili watakuwa wavumilivu, na hakuna gunia litakalopimwa hata jua lichwe. Subira, iliyosifiwa na kila mwenye hekima, hapa ndiyo iliyoziba njia. Wema wao hauwafungui. Huwafungua kanuni kwamba kila mmoja aanze na mizani, kisha daftari.

Mwanafunzi aliyeiendesha programu yake mara 100 na kupata 545 kila mara ana ushahidi wa mara 100 zile tu. Mwalimu akimwuliza kama ni sahihi, uaminifu humtaka aonyeshe ni kwa nini makarani wake hawawezi kugongana. Na asipoweza kuonyesha, hana budi kusema kwamba hajui, ijapokuwa kilo zote zimetimia.