Lori Lililokula Kuni

Kijana huyu sitampa jina, kwa sababu si mmoja. Kaa wiki moja kwenye vijiwe vya madereva wa malori pale Mafinga, wilayani Mufindi, utamsikia akisimuliwa mara tatu nne, kila mara kwa sura nyingine. Nimewakusanya wote nikamfanya mtu mmoja, na bei nitakazotaja ni za mfano, ingawa anayeijua kazi hii hatazishangaa.

Alianza vizuri. Mufindi ni nchi ya miti. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mengine yote ya serikali nchini, liko huko, na viwanda vya mbao vinapasua misindano mchana kutwa na kuacha marundo ya mabanzi. Wanakijiji nao wana miwati na mikaratusi yao, au milingoti kama wenyeji wasemavyo. Kijana alinunua mabanzi, akakodi lori la mtu, akapeleka kuni shule moja ya bweni Iringa mjini, mwendo wa kilomita kama 80. Shule ilimlipa 750,000 kwa lori. Akishalipa mzigo, vibarua, ushuru na 290,000 za lori pamoja na mafuta yake, alibakiwa na laki moja. Deni hakuwa nalo.

Kilichomkera ni zile 290,000. Aliona mwenye lori anakula kuliko yeye mwenye kuni. Basi akachukua mkopo, akajumlisha na akiba yake, akanunua lori la mkononi la tani saba kwa milioni 30.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo alipopotea. Hesabu yake ya safari ilikuwa hivi: mzigo 150,000, kupasua na kupakia 120,000, hati na ushuru 60,000, kushusha 30,000. Dizeli 195,000, kwa sababu lori linakwenda na kurudi, tena linaingia vijijini kufuata kuni, jumla kilomita 220. Dereva na utingo 45,000. Ukijumlisha ni 600,000. Ukitoa kwenye 750,000, faida ni 150,000. Kutoka laki moja hadi laki moja na nusu! Alikuwa sahihi kwa kila shilingi iliyopita mkononi mwake.

Zile zisizopita mkononi ndizo zilizomnyamazia. Lori lina tairi sita. Tuseme moja ni 600,000 na zote zinatembea kilomita 40,000 kabla ya kwisha. Kila safari ya kilomita 220 imekula tairi za karibu 20,000. Oili, filta, breki na spring zinazokatika kwenye mashimo ya vijijini ni 30,000 nyingine, ukibahatika. Bima, leseni na ukaguzi vikigawanywa kwa safari 60 za mwaka ni 20,000. Halafu lori lenyewe: kama baada ya miaka mitano litauzwa milioni 12, basi milioni 18 zimeyeyuka katika safari 300, yaani 60,000 kila safari. Hizo zote ni 130,000. Katika ile laki moja na nusu, chake ni 20,000, na hapo hajalipa riba ya benki wala hajajilipa mshahara.

Mbona yule mwenye lori la kukodi aliweza kwa 290,000? Kwa sababu hakuwa anakwenda Iringa kwa ajili ya kuni. Alikuwa anafuata mbolea na sementi za kurudi nazo Mafinga, na kuni zilimsaidia kulipia njia ya kwenda. Kijana wetu alirudi na lori tupu, akipiga honi. Hakuwahi kumuuliza mwenzake anarudi na nini. (Na wenye malori, nijuavyo mimi, hawaulizwi wakakataa kusema, hupenda sana kulalamikia gharama zao.)

Mkopo una tarehe, na tarehe ndiyo iliyoharibu kuni. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ili ukauke unatakiwa ukatwe mvua zikiisha, mwezi wa tano hivi, upasuliwe, upangwe juu ya vigogo usiguse udongo, ufunikwe juu tu na ubavuni uachiwe upepo. Kufika Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijarudi, una kuni. Lakini hiyo ni miezi mitano mtaji umelala, na benki hailali. Mabanzi yalipoadimika, kijana alikimbilia milingoti mibichi. Vibarua walifurahi, maana mlingoti mbichi hupasuka kirahisi kuliko mkavu. Yeye akawa anapakia tani saba na kulipa dizeli ya kusafirisha tani tatu na nusu za maji, akizipandisha mlima wa kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini kwa gia ya kwanza.

Jikoni haikuchukua muda. Moto wa kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kuchemsha maji yaliyomo kwenye kuni kabla haujafika kwenye sufuria. Mpishi mkuu, mama mtu mzima, alimsubiri nje ya stoo macho mekundu kwa moshi.

“Mwanangu, umetuletea kuni au umetuletea bomba?”

“Samahani mama, zitakauka tu.”

“Zitakauka, na maharage ya watoto je?”

Lori lililokuwa likitosha wiki tatu likawa halimalizi mbili. Mhasibu wa shule akashusha bei hadi 680,000, na kwa bei hiyo kila safari ilikuwa ikimla kijana, ingawa noti bado zilikuwa zinaonekana mfukoni. Tena nazo hazikuonekana siku hiyohiyo. Shule ilichukua kwa mali kauli, ikalipa ada zikiingia, na ada zina msimu wake.

Makaratasi sitayasemea sana. Hata mti wa shambani kwako, ukishapanda barabarani unataka hati ya kusafirishia kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Hati ikichelewa, unalala na mzigo kizuizini na posho ya dereva inaongezeka. Hili lilimpata mara kadhaa. Lilimuumiza, ila halikumuua.

Kilichommaliza kilikwisha kutangazwa mapema. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mei mwaka huohuo Rais Samia akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kijana alilisikia agizo redioni, ndani ya lori. Alidhani litapita kama mengine. Shule ikafunga majiko ya gesi. Wanunuzi wengine walikuwapo, mama lishe, wachoma matofali, nyumba za baridi kali kulekule Mufindi, lakini hao hununua kwa fungu na kwa fedha taslimu, na hakuna hata mmoja wao anayehitaji tani saba zimwagwe mlangoni. Miaka miwili alikuwa hajawatafuta.

Lori aliliuza milioni 14, deni lilikuwa bado milioni 16. Mnunuzi alizunguka lori taratibu akauliza mambo mawili: linakula lita ngapi kutoka Mafinga hadi Iringa, na tairi hizi zimefungwa lini? La kwanza kijana alilijibu papo hapo. La pili ilibidi ampigie simu dereva.