Mshauri na "Shauri Yako"

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili zinazopingana. Ukimwambia mtu "njoo tufanye shauri," umemkaribisha mkae, mlipime jambo kwa pamoja kabla halijatendeka. Ukimwambia "shauri yako," umenawa mikono. Shimo umeliona, pengine umelitaja, na kuanzia hapo akitumbukia ni yeye. Sarufi inadai "shauri lako", ila mtaani tunasema "shauri yako", na kila mtu anaelewa kwamba mazungumzo yameishia hapo.

Neno hili limenirudia kichwani kwa sababu ya kazi ambayo sisi wapenda vitabu hatuijadili sana: kazi ya washauri wanaolipwa na kampuni za silaha, ndege na vyombo vya anga ili kuzisaidia zipite salama katikati ya sheria. Swali ni jepesi kulitamka. Mtu anayekusaidia kutii sheria ya biashara ya silaha, anabeba sehemu gani ya yale yatakayotokea biashara hiyo ikifanyika?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana ni rahisi kumtukana mtu ambaye hujui anashinda akifanya nini. Chukua Marekani. Chini ya sheria ya mwaka 1976 ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje, kuna kanuni zinazojulikana kwa kifupi chao, ITAR, na ndani yake kuna orodha ya vifaa vya kijeshi yenye mafungu 21: bunduki, meli, vifaru, ndege, vyombo vya angani na kadhalika. Ila orodha haiishii kwenye vyuma. Mchoro wa kifaa nao umo. Maelezo ya namna ya kukitengeneza yamo. Ukimwonesha mgeni mchoro huo, hata kama mmeketi chumba kimoja ndani ya Marekani, kisheria umeshausafirisha nje ya nchi. Hakuna kontena, hakuna bandari, hakuna forodha. Macho yake tu yametosha.

Hapo ndipo mshauri anapoingia. Anaitazama bidhaa na kusema iko fungu gani, kama inahitaji kibali, na kiombwe kwa nani. Anahakikisha ipo hati inayotaja mtumiaji wa mwisho, ili bomba linalouzwa kwa nchi moja lisije likaibukia nchi nyingine. Anauliza ni wafanyakazi gani wanaruhusiwa kufungua faili gani, na anasimamia kumbukumbu zitunzwe kwa miaka. Ni kazi ya subira, na mara nyingi ndiyo inayomzuia mhandisi asiye na nia mbaya asiishie gerezani.

Simtishi mtu. J. Reece Roth alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Tennessee, bingwa wa fizikia ya plazma, akifanya utafiti wa Jeshi la Anga la Marekani kuhusu ndege zisizo na rubani. Aliwashirikisha wanafunzi wawili wa shahada za juu, mmoja kutoka China na mwingine kutoka Iran. Ofisa wa chuo aliyehusika na kanuni hizi alimwonya kwamba mradi ule umo ndani ya sheria. Hakusikia. Mwaka 2008 alitiwa hatiani, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka minne jela. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii "mkuu" alikuwa ofisa wa makaratasi ambaye wanasayansi wengi wangemwona kero tu.

Kwa hiyo sitasema kwamba washauri hawa ni watu wabaya. Sheria bila mtu anayeielewa ni maandishi ukutani. Kama tunataka silaha zidhibitiwe, lazima wawepo watu wanaozijua kanuni hizo kama fundi anavyozijua spana zake.

Lakini sheria inachora mpaka wake kwa mkono wa binadamu, na mkono huo unahama. Setilaiti za mawasiliano za kibiashara ziliwekwa kwenye orodha ya silaha ya Marekani mwaka 1999. Mwaka 2014 nyingi kati ya hizo zikahamishiwa kwenye orodha ya Wizara ya Biashara. Chombo ni kilekile, kinarusha mpira na tamthilia zilezile. Jana kilikuwa silaha, leo ni bidhaa. Mshauri mzuri anajua tarehe ya mabadiliko hayo kwa kichwa. Ila tarehe hiyo haimwambii kitu chochote kuhusu wema na ubaya, na hatari inaanza pale anaposahau kwamba haimwambii.

Sisi Watanzania tunayo hadithi yetu ya jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali yetu ilikubaliana kununua mtambo wa rada kutoka kampuni ya Uingereza ambayo leo inaitwa BAE Systems. Bei ilikuwa kama pauni milioni 28. Nchi ilikuwa ikiomba kusamehewa madeni. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilisema mtambo ule ni ghali mno na hautoshelezi kazi ya kuongoza ndege za kiraia. Ndani ya serikali ya Tony Blair kwenyewe, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga. Hata hivyo, Desemba 2001 kibali kikatoka.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Wakati huo Uingereza ilikwishakuwa na vigezo vilivyoandikwa vya kutoa vibali vya aina hiyo, na kigezo cha nane kilitaka ipimwe kama ununuzi huo unaendana na uwezo wa kiuchumi wa nchi inayonunua. Maana yake swali letu, lile ambalo mama muuza maandazi angeliuliza, lilikuwemo kwenye fomu. Halikusahauliwa. Liliulizwa, likajibiwa, na jibu likawa: endeleeni.

Ikaja kesi. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ilikiri kosa moja: kutotunza kumbukumbu za hesabu za kutosha kueleza malipo ya zaidi ya dola milioni 12 yaliyokwenda kwa mtu aliyeitwa mshauri wake wa masoko nchini Tanzania. Vitabuni malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi. Kosa la rushwa halikushtakiwa, wala halikuthibitishwa. Faini ilikuwa pauni 500,000, na kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania.

Neno lililotumika ni "mshauri". Mtaani, anayechukua karibu theluthi ya bei kwa kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi anaitwa dalali, tena dalali mwenye bahati ya ajabu. Wahenga walishasema penye udhia penyeza rupia. Simaanishi kwamba mahakama ilisema hivyo. Nasema tu kwamba neno zuri linaweza kuvalishwa kitu chochote, kama kanzu.

Mtu atanijibu: unachanganya mambo. Yule alikuwa mshauri wa masoko, na wewe unazungumzia washauri wa sheria, waliokuja kuzuia mambo kama hayo yasirudi. Ni kweli. Uingereza ilipitisha sheria mpya ya rushwa mwaka huohuo wa 2010, ikaanza kazi 2011. Chini yake, kampuni inaweza kuwa na hatia kwa kushindwa tu kuzuia rushwa inayofanywa na mtu wa upande wake. Kinga yake ni kuonesha kwamba iliweka taratibu za kutosha za kuizuia. Na taratibu hizo nani anaziandika? Washauri.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Taratibu zinazoandikwa ili ziwe kinga mahakamani zinaweza kugeuka hirizi. Unaivaa shingoni, umeilipia kwa mganga anayeheshimika, na sasa unaweza kupita popote usiku. Ndani ya ngozi ile kuna karatasi. Hujawahi kuisoma, na mganga hatarajii uisome. Kampuni ina mwongozo wa kurasa mia, wafanyakazi wamesaini kwamba wamehudhuria mafunzo, na mambo yanaendelea kama zamani. Siku yakiharibika, mwongozo utatolewa kabatini na kuwekwa mezani: jamani, si tuliwaambia? Hiyo ndiyo "shauri yako" iliyoandikwa kwa lugha ya kiofisi.

Kuna utetezi wa pili, na huu una uzito zaidi. Kwamba mshauri ni kama wakili. Wakili anamtetea hata mwizi, na tunakubali iwe hivyo kwa sababu kila mtu anastahili msaada mbele ya sheria. Kwa nini basi kampuni ya makombora isistahili?

Nimeupima utetezi huu na naona unavuja sehemu moja. Wakili wa kesi anakuja jambo likishatendeka. Maiti imeshazikwa, kilichobaki ni kuamua nani alaumiwe, na kila upande uwe na sauti. Mshauri anakaa upande mwingine wa wakati. Yupo chumbani kabla barua haijatumwa na kabla mtambo haujapakiwa melini. Anayesimama mahali ambapo jambo bado linaweza kugeuzwa, hawezi kujificha nyuma ya aliyekuja baada ya jambo kupita.

Na lile la "nisipofanya mimi atafanya mwingine"? Pengine ni kweli. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa hakuna atakayewajibika kwa lolote duniani, kwa sababu karibu kila kazi ina mtu mwingine anayeisubiri.

Simtaki mshauri awe nabii. Sidhani pia kwamba kila silaha inayouzwa ni dhambi. Nchi ina haki ya kujilinda, na rada si bunduki. Ninachodai ni kidogo, ila si rahisi. Mteja anakuja na swali, "Inaruhusiwa?" Mshauri analipwa kulijibu hilo, na alijibu vizuri. Kisha aongeze lile ambalo hakuulizwa: anayenunua ataweza kulipa bila kuwanyima watu wake chakula? Mtu wetu kule analipwa fungu hili lote kwa kazi gani hasa? Alitamke, na aliandike, ili baadaye asiwepo wa kusema halikusemwa. Akiona linapuuzwa mara ya pili na ya tatu, ajue kwamba amegeuzwa hirizi, na ana miguu ya kuondokea.

Zile pauni milioni 29.5 zilifika. Watu wakaziita "chenji ya rada", kama vile tulikwenda dukani, tukazidishiwa bei, tukarudishiwa kilichobaki. Zilielekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi na madawati. Nalipenda sana jina lile kwa sababu linasema ukweli ambao kumbukumbu za hesabu hazikuusema: kwamba hela ilikuwa yetu tangu mwanzo.

Lakini chenji hurudi baada ya kununua. Shauri, kwa maana yake ya kwanza, lilipaswa kufanyika kabla. Wale waliokaa mezani kabla ya kibali kutoka walikuwa na kigezo cha nane mbele yao, kimeandikwa wazi kabisa. Ningependa kujua kama kuna hata mshauri mmoja wa kampuni aliyekisoma kwa sauti.