Muulizie Nesi Kabla Hujaumwa

Mama mmoja wa upande wa Ruangwa, miaka arobaini na kitu, alianza kutokwa damu kila anapokutana na mumewe. Akavumilia, mwishowe akajitanda khanga akaenda zahanati. Chumba kilikuwa na mlango, ila nesi hakuufunga. Mama alijieleza kwa kunong'ona, nesi akayarudia kwa sauti ya kufika kwenye benchi nje: "Damu ukikutana na mwanaume? Kamlete huyo mwanaume, magonjwa mnayatafuta wenyewe." Benchini mtu akacheka. Mama akachukua daftari lake, akaondoka bila kupimwa.

Nyumbani akashika dawa za mizizi. Misimu miwili ya korosho ikapita.

Husemwa wanawake wa vijijini wanaogopa hospitali. Natamani anayesema hivyo avuliwe nguo mlango ukiwa wazi. Utafiti wa kusini mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu kwa nini wengi walijifungulia nyumbani, ulitaja ukosefu wa fedha na usafiri, lakini pia tabia za wahudumu na kukosa faragha. Hata hivyo, nesi mmoja akikutukana, unatafuta nesi mwingine; mizizi haikupimi.

Wifi ya mama yule, wa Nachingwea, ndiye aliyemshtukia. Hakumsifia jengo wala mashine. "Twende kwa yule mkunga," alisema, "yule anafunga mlango." Habari za namna hii hazibandikwi ukutani. Zipo kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye foleni ya kliniki, na ni za kuulizia ungali mzima.

Mkunga alikuwa mdogo kwake kiumri. Akamwamkia "Shikamoo mama," akafunga mlango, akavuta pazia. Kifaa cha kupimia alimwonyesha kwanza, akamwambia, "Ukisikia maumivu sema, naacha." Siki ya kupimia hakuhitaji hata kuipaka, uvimbe ulionekana kwa macho. Hakumuuliza alikuwa wapi siku zote. Alimweleza taratibu, akamwandikia rufaa. Kipande cha nyama kilipopimwa, ikawa saratani ya mlango wa kizazi, na safari ya hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwenda kupigwa mionzi. Fedha za korosho ziliishia kwenye nauli na chakula cha muuguzaji.

Kabla hajaondoka alihesabu wanawake wa nyumba yake. Kitinda mimba, msichana, alikwisha chanjwa shuleni. Chanjo ya kukinga saratani hiyo, ya HPV, hutolewa nchi nzima tangu mwaka 2018. Wakaza wana wake wawili aliwatuma Nachingwea kwa mkunga yuleyule. Siki ikipakwa, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe baada ya dakika moja hivi, na kutoka hapo hadi saratani huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Mmoja alikutwa na weupe huo. Uligandishwa palepale, na jioni alikuwa Ruangwa akilalamikia nauli.