Karafuu Zilizouzwa Zikiwa Mtini

Nitamtunga mtu mmoja, mkulima wa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Ana migomba, mananasi na mikarafuu kwenye shamba alilopewa na mjomba wake, kama desturi ya Waluguru ilivyo: ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji akaja afisa mwandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, simu mkononi. Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima, kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa pale Morogoro mjini. Balozi wa shina wa CCM naye akasimama, akahimiza watu waunge mkono kazi ya chama chao.

Mkulima hakulipa. Jioni mjomba akamwita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hela ya mananasi umepata. Mbona hukukata kadi?"

"Mjomba, nyumbani kwangu nani anaumwa? Halafu mwaka juzi mama watoto alikuwa na kadi hiyo hiyo. Alikwenda zahanati na homa, akaandikiwa dawa, dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Sasa nilipe mara mbili?"

Mjomba alikaa kimya kidogo. "La dawa ni kweli, sikubishii. Lakini mguu hauvunjiki kwa miadi."

Msimu wa kuchuma karafuu ulipofika, mtoto wake wa miaka 12 aliteleza mtini, akavunjika paja. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana msamaha wa kulipia matibabu, mjamzito ana msamaha, mzee wa miaka 60 asiye na uwezo ana msamaha. Wa miaka 12 hana. Wakambeba kitandani hadi barabarani, wakakodi gari, wakapita Kiroka na Bigwa mpaka mjini. Kulikuwa na gharama ya gari, picha ya mfupa, chuma cha kuunga mfupa, chakula cha mama aliyelala wodini na mwanawe. Baba akarudi mlimani na kumwita mchuuzi. Karafuu zikauzwa zikiwa bado mtini, kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Msimu uliofuata nao ukauzwa hivyo hivyo kabla maua hayajatoka, maana deni lilikuwa halijaisha.

Ni rahisi kumlaumu mkulima huyu peke yake, na wanasiasa wengi ndivyo wanavyofanya: wanasema wananchi hawana mwamko. Sikubaliani nao. Alikosea kuamini kwamba bima ni ya mwenye mgonjwa ndani, lakini lile la dawa hakulizua. Aliliona dirishani.

Chama kilichoongoza nchi hii tangu uhuru, kwanza TANU kisha CCM, kimejaribu kila njia. TANU, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, ilifanya matibabu kuwa haki isiyolipiwa, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikakusanya takriban watu milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Nia ilikuwa njema, na mpaka leo naiheshimu. Ila mafuta yalipanda bei, vita vya Uganda vikaja, fedha za kigeni zikakauka, na zahanati zikabaki na jengo na muuguzi bila dawa. Huduma ikaitwa ya bure huku mgonjwa akinunua sindano mtaani. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza hospitalini. CHF ikajaribiwa Igunga mwaka 1996, ikapewa sheria 2001: kaya ikichanga, serikali inaongeza kiasi kile kile, ndiyo ile iliyoitwa tele kwa tele.

Morogoro yenyewe imewahi kuonyesha kinachofanya kazi. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji zilikuwa kwenye mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya kwa msaada wa Kanada. Kwanza takwimu zilikusanywa nyumba kwa nyumba kuhusu nani amekufa na kwa ugonjwa gani, kisha timu za afya za wilaya zikalinganisha vifo hivyo na bajeti yao. Malaria ilikuwa ikiua kwa wingi na kupewa fungu dogo. Wakapanga upya, wakawafundisha wahudumu kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Fedha za nyongeza hazikufika dola 2 kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano hivi, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Nikisoma matokeo hayo najiuliza kwa nini hayasemwi jukwaani kila uchaguzi, maana hakuna ilani iliyowahi kuwapa watu wa Morogoro faida kubwa kwa fedha ndogo namna ile.

Baadaye, CHF iliyoboreshwa ilipokuwa ikijaribiwa Dodoma, Morogoro na Shinyanga, iligundulika kwamba kadi haina maana bila kabati la dawa. Ndipo ukaja mfumo wa Jazia: Bohari ya Dawa ya serikali (MSD) ikikosa dawa, kituo kinanunua kwa muuzaji mmoja, aitwaye mshitiri, aliyeteuliwa kwa mkoa mzima, kwa bei iliyokubaliwa. Hili lilikuwa jibu kwa mke wa mkulima wetu. Lingetangulia kadi, huenda ile 30,000 ingetolewa bila ubishi.

Upande wa wananchi nao una somo lake, na limeshaumiza watoto. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ilianzishwa 2016 kwa shilingi 50,400 kwa mtoto. Wazazi wengi walikimbilia kuikata mtoto akishaugua. Matibabu yakala fedha nyingi kuliko michango, na Machi 2023 NHIF ikasitisha kuwasajili watoto mmoja mmoja, ikaelekeza waandikishwe kupitia familia na shule. Mzazi aliyekuwa akilipa kila mwaka, mtoto akiwa mzima, alifungiwa mlango pamoja na yule aliyesubiri homa.

Bima ya afya kwa wote ilikuwa kwenye ilani ya CCM ya 2020. Muswada wa kwanza ulifika bungeni 2022, ikatajwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na watu wakapiga kelele, kwa haki kabisa: kwa mkulima wa Tawa au Kolero hiyo ni karafuu ya msimu mzima. Muswada ukarudishwa, na sheria ikapitishwa Novemba 2, 2023. Imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Majina ya wasio na uwezo yakianzia kijijini, kila mtu mlimani anajua orodha za namna hiyo huweza kujaa ndugu wa mwenyekiti.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe wanaotoka kijijini. Mgombea wa chama chochote akipanda Kinole kunadi bima, aulizwe mbele ya kamati hiyo: mwezi uliopita zahanati hii ilikosa dawa zipi, kwa siku ngapi, mshitiri alilipwa lini, na orodha ya watakaolipiwa itasomwa hadharani tarehe gani. Asiyeweza kujibu arudi mjini akatafute majibu, halafu ndipo azungumzie bei ya kadi.