Jina la Pilau

Katika karamu moja ya harusi niliyoalikwa zamani, nyumbani kwa mtu ambaye sitamtaja, tuliletewa sinia la wali wa rangi ya manjano, umenyunyiziwa bizari juu juu, na nyama imepangwa kandokando, na mwenye nyumba, kwa bashasha ya siku ile, akatukaribisha akisema, "Karibuni pilau, mabwana." Tukala tukashiba. Mzee aliyekuwa mkubwa wa mkeka wetu, alipokwisha nawa, alimgeukia kijana yule kwa adabu akamwambia, "Ahsanta, mwanangu, kwa wali mzuri." Hakuongeza neno, lakini kila aliyesikia alifahamu kuwa chakula kile kimevuliwa jina lake mbele ya mashahidi.

Je, mzee yule alikuwa na haki? Maana ikiwa jina la chakula ni la vitu vilivyomo, basi sinia lile halikupungukiwa na kitu: mchele ulikuwamo, nyama ilikuwamo, na bizari ilikuwako, tena kwa wingi wa kukirihisha. Wanavyuoni wetu walilijadili jambo hili zamani, si kwa ajili ya pilau, bali kwa ajili ya majina ya Mwenyezi Mungu. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikianza kitabu chake cha Al-Maqsad al-Asna kwa kupambanua jina, chenye kuitwa, na tendo la kuita, akakata kuwa hivyo ni vitu vitatu mbalimbali, na kwamba aliyevichanganya amepotea njia tangu mlangoni. Kadhalika walikhitalifiana juu ya asili ya majina yote: wako waliosema kuwa ni tawkifu, yaani yameteremshwa na Mola, wakishika ile habari ya Nabii Adamu kufundishwa majina katika Sura ya Baqara, na wako waliosema kuwa ni istilahi, mapatano ya watu tu, na hiyo ndiyo kauli inayonasibishwa na Abu Hashim, Mmuutazila wa Basra aliyefariki mwaka 933. Mwenye nyumba yetu, bila ya kujua, alikuwa Mmuutazila. Ila alitaka kupatana peke yake.

Lakini mimi naona Kiswahili chenyewe kina hoja yake katika mlango huu wa chakula. Punje ile ile, ingali shambani au ndani ya kapi lake, huitwa mpunga. Ikishatwangwa na kupetwa, ni mchele. Ikishapikwa, ni wali. Mtu akisema amekula mpunga atachekwa na watoto, na akisema amepanda wali ataulizwa kama ana homa. Punje haikubadilika dhati yake kwa macho ya mkemia, lakini kila lilipotendeka tendo jipya juu yake, kinu au moto, lugha iliivua jina la kwanza ikaivika la pili. Basi majina haya hufuata yaliyotendwa kuliko yaliyomo; na biriani nayo ni shahidi, kwa kuwa jina lake limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kukaanga au kuchoma, wala halitaji mchele wala nyama.

Tuyatazame sasa matendo yanayofanya pilau. Vitunguu hukaangwa kwanza katika samli au mafuta, kwa subira, mpaka vigeuke rangi ya kahawia iliyokolea bila ya kuungua, maana hapo ndipo itokapo rangi ya pilau, wala si katika manjano. Kisha huingia thomu na tangawizi zilizopondwa, na bizari nyembamba, na iliki, na mdalasini, na karafuu, na pilipili manga. Kisha nyama iliyokwisha chemshwa, na supu yake. Na mwisho kabisa, vyote vikisha kujuana ndani ya sufuria, ndipo utiwapo mchele uliooshwa na kurowekwa. Mchele huinywa ile supu hata ikakauka, na mpishi huupalia, makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini, akaketi kando asifunuefunue. Ladha imeingia ndani ya punje kabla punje haijafunga. Katika sinia la harusi ile mambo yalikwenda kinyume: wali uliiva peke yake, nyama peke yake, na bizari ikaja nyuma kama mgeni aliyechelewa, ikakaa juu. Ulimi ukiipangusa, chini yake ulikuta wali mtupu.

Nimewahi kusikia mtu akisema kuwa pilau ni chakula cha asili yetu kwa sababu ya viungo vyake, na hii ni dalili nyingine ya kutafuta jina pasipo mahali pake. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na Unguja haikuijua kama zao ila katika karne ya 19, alipoamrisha Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, ipandwe kwa wingi; iliki na pilipili manga ni za Malabar; mdalasini ni wa Ceylon; bizari nyembamba imetoka pande za Sham na Bahari ya Kati. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga juu yake, pamoja na achari ya ndimu na maembe. Akala, akaandika, wala hakuutaja kwa jina la pilau. Chetu hapa ni mkono na mpango wake.

Na hapa yanipasa kukubali pingamizi moja isiyoepukika. Jina hili si letu: ni polow ya Waajemi, ambayo Wahindi huitamka pulao na Waturuki pilav. Na Mwajemi mchele wake huuchemsha nusu, akaumwaga maji, kisha akaufukiza taratibu mpaka ugande chini ule ukoko ambao kwao hupewa mgeni kwa heshima, ilhali kwetu hugombewa na watoto jikoni. Yeye akiketi mbele ya sinia letu lililopikwa kwa supu, huenda naye akashukuru kwa wali mzuri! Ikiwa jina hufuata tendo, tendo letu si lake. Jawabu langu ni kuwa jina likivuka bahari huachana na mpishi wake wa kwanza, na watu wa ufuko linakofikia hulifungisha ndoa na tendo lao. Na ndoa hiyo, ikisha kushuhudiwa na vizazi, haivunjwi na mtu mmoja kwa ajili ya haraka ya siku moja.

Kwa hiyo nahukumu kuwa mzee yule alisema kweli kwa mila ya pwani yetu, na kwamba kijana hakusema uwongo, kwa kuwa alikitaja alichokikusudia. Nami, kwa kuwa ushahidi ni amana, sina budi kueleza kuwa katika mkeka ule mtu wa mwisho kunawa mikono nilikuwa mimi.