Kukusanya Visu: Twapenda Kitu, au Twapenda Wengine Wakikose?

Katika darasa yetu ya Mtongwe tumeletewa swali ambalo hapo mwanzo wengine walilicheka, kisha tukaona halifai kuchekwa. Kijana mmoja wa hapa petu, ambaye kazi yake humpeleka Ghuba na kumrejesha, ana shauku ya kukusanya visu vidogo vya kukunja, vile ambavyo makali yake huingia ndani ya mpini vikatiwa mfukoni. Wala si visu vyovyote. Yeye hutafuta vile ambavyo kiwanda hutangaza kuwa kitatengeneza idadi maalumu, mia tatu au mia tano au elfu, kila kimoja kikapigwa nambari yake, kisha visitengenezwe tena. Anavyo karibu arubaini sandukuni, na hakuna hata kimoja kilichopata kukata chungwa. Auliza: je, haya ni makosa?

Wako waliomjibu papo hapo kwamba ni israfu na upuuzi. Jibu hilo ni jepesi mno, na aghalabu hutoka kinywani mwa mtu asiyetazama nyumbani kwake. Ni nani miongoni mwetu asiyeijua nyumba yenye kabati la vyombo vya kauri ambavyo havijapata kuliwa tangu siku ya harusi? Na kofia za vito zilizokunjwa sandukuni kwa dazeni, mwenyewe ana kichwa kimoja? Ikiwa sanduku la kijana ni upuuzi, basi na tuanze kwa kabati la bibi harusi, na tuone ni nani atakayebaki barazani kumhukumu mwenziwe.

Tuseme kwanza yaliyo wazi. Kumiliki kisu ni halali, na kumiliki visu arubaini ni halali vilevile, maadamu mali ni yake, ameipata kwa njia njema, wala hajawapunguzia wa nyumbani kwake haki yao. Hili la mwisho si la kupitwa upesi, kwani kisu kimoja cha namna hizo huuzwa kwa mamia ya dola, na mamia ya dola ni karo ya mtoto. Lakini aliyetuuliza hana deni, wala hakuna aliyemlalamikia. Swali lake basi si la fedha. Ni swali la moyo, na ndiyo maana ni zito.

Na tukitazama kwa uadilifu, shauku hii ina mema yake. Kijana huyu ajua mambo ya chuma kuliko wengi wetu. Alitueleza kwa nini kisu chenye kaboni nyingi hunoleka vizuri lakini hula kutu upesi katika hewa yetu ya chumvi. Alitueleza pia kwamba kile kinachoitwa leo chuma cha Damaski, chenye mawimbi kama ya maji, kwa sehemu kubwa ni namna mbili za chuma zilizofuliwa pamoja, kisha zikatiwa tindikali ili mistari ionekane. Mji wenyewe umebaki jina tu. Mtu aliyejifunza kutazama kazi ya fundi kwa makini namna hii hakupoteza wakati wake. Tena tusidhani kuwa kupenda kisu kwa ajili ya kukitazama ni jambo la jana. Huko Sheffield, Uingereza, nyumba ya Joseph Rodgers ilitengeneza kisu chenye makali 1,822 kwa ajili ya mwaka 1822. Hicho hakikukusudiwa kumenya kitu.

Tatizo basi haliko katika kupenda. Liko katika ile nambari.

Tulinganishe visu viwili. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu cha kukunja cha kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, wakakiita Okapi, kwa jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Mpini wake hutiwa nakshi za mwezi na nyota, bei yake ni rakhisi, na tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Mwenye kisu hicho hufurahi kikikata, na mwenziwe akinunua cha namna hiyo hiyo furaha yake haipungui hata kidogo; pengine watakaa pamoja wavinoe kwenye kinoo kimoja. Sasa mtazame huyu wa pili. Mwaka 2022 kampuni ya Victorinox ya Uswisi, kwa kuadhimisha kisu chake cha afisa kilichosajiliwa tarehe 12 Juni 1897, ilitoa mfano wa kisu kile kwa idadi ya 9,999 tu. Kiwanda hicho chaweza kutoa maelfu ya visu kwa siku moja. Si kwamba chuma kilikwisha, wala si kwamba mikono ya mafundi ilichoka. Palipigwa mpaka kwa makusudi, ili atakayekipata ajue kwamba wako watakaokikosa.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji wetu asimame kidogo. Fundi wa majambia wa Nizwa naye hutoa machache, lakini uchache wake ni uchache wa pumzi ya mwanadamu: ana mikono miwili, na fedha yataka kufuliwa polepole. Lau angeweza kutoa mengi kwa uzuri ule ule, angetoa. Uchache wa kiwanda ni kitu kingine. Huo ni bidhaa. Umetengenezwa kama mpini ulivyotengenezwa, ukatiwa ndani ya kisanduku, ukauzwa. Na mnunuzi alipotoa fedha yake alinunua vitu viwili, kisu na kukosa kwa wenziwe, na mara nyingi hiki cha pili ndicho kilichokuwa ghali zaidi.

Katika darasa yetu alitokea mmoja akapinga kwa hoja ya nguvu. Alisema: dhahabu nayo thamani yake ni uchache wake, je, mtawakataza wake zetu dhahabu? Hoja hii twaiheshimu, lakini twaona khitilafu. Uchache wa dhahabu umo ardhini, hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe chache ili aiuze ghali. Na bangili ya mke wangu haififii rangi kwa sababu jirani naye amevaa. Lakini kisu chenye nambari, kiwanda kikivunja ahadi kesho kikatoa elfu kumi vingine, mwenyewe atahuzunika, atasema amedhulumiwa, na hali kisu chake ni kile kile: chuma kile, mpini ule, makali yale. Ni nini basi kilichopungua? Kimepungua kitu kimoja tu, nacho hakikuwamo ndani ya kisu.

Hii ndiyo mizani tuliyompa kijana, ajipimie mwenyewe usiku akiwa peke yake, wala asitujibu sisi. Visu ambavyo angefurahi kuona kila mtu wa Mtongwe anavyo, hivyo avipenda kwa uzuri wake. Visu ambavyo angevichukia siku wengine watakapovipata, hapo lipo jambo linalokaribia uhasidi. Na tunasema linalokaribia, kwa kuwa hasidi hutamani neema imwondokee mwenziwe, na huyu ameridhia tu isimfikie. Wanazuoni wa Kishafi walipozungumza juu ya kuhodhi, katazo lake waliliweka katika chakula, kitu ambacho watu wakikikosa hudhurika. Hapana anayekufa kwa kukosa kisu chenye nambari. Kwa hivyo hatusemi ni haramu, na atakayesema tumesema hivyo ametuzulia.

Wala mtu asidhani kwamba majambia ya wazee yamesalimika na ila hii. Kazi ya jambia la Kiomani na desturi zake ziliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya UNESCO ya urithi, na twafurahi. Lakini huko Yemen jambia lilitukuzwa kwa mpini wa pembe ya kifaru, na katika miaka ya 1970, vijana wengi wa Yemen walipokwenda kufanya kazi Saudia wakapata fedha, waliokuwa hawaimudu pembe wakaimudu. Kenya ilikuwa na vifaru weusi kadiri ya 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa hawatimii 400. Si majambia peke yake yaliyowamaliza, kwani pembe nyingine zilikwenda Asia ya Mashariki kwa madawa, na serikali ya Yemen ilikataza kuingizwa pembe mwaka 1982. Marehemu Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2018, alikwenda mara nyingi kuichunguza biashara hiyo. Tunachotaka kionekane ni hiki: kila kifaru alipopungua porini, mpini ulizidi heshima kiunoni. Mwenye jambia hakuwa na haja ya kumchukia kifaru. Ilitosha kwake kwamba pembe ilikuwa adimu, na uadimu ukajitengenezea uadimu zaidi, na malipo yakatoka katika nchi yetu.

Miongoni mwa visu vinavyosakwa sana na wakusanyaji kimo kimoja kiitwacho Sebenza. Alikibuni Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyehamia Idaho, Marekani, mwaka 1989. Jina hilo ni la Kizulu, lugha iliyo ndugu ya yetu, na maana yake ni kufanya kazi. Tulipomwambia kijana wetu kwamba amemfungia "Kazi" sandukuni na kumnyima kazi, alicheka, na tukamwona akiinamisha kichwa. Nasi hapa Mtongwe tuna visu vya zamani kuliko vyote hivyo: katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kijapani walichimbua katika ardhi yetu hii zana za mawe, baadhi yake zimegongwa kwa ajili ya kukatia na kukwangulia. Aliyezigonga alizitumia, kisha akaziacha chini akaenda zake.

Yamebaki mambo matatu ya kutenda, nayo ni mepesi kuliko hayo ya moyo.

La kwanza ni zaka. Kijana alituambia mara mbili, tena kwa fakhari kidogo, kwamba visu vyake "ni akiba", kwa kuwa vingine vimeshapanda bei. Hapa na aangalie ulimi wake. Kitu alichonunua mtu kwa kukiweka na kukitazama hakina zaka. Lakini alichokinunua kwa nia ya kukiuza kwa faida, nia hiyo ikiwapo wakati wa kununua, hicho ni bidhaa ya biashara, na mwaka ukitimia na thamani ikafika nisabu, yampasa robo ya ushuri kwa bei ya siku hiyo. Hawezi kuwa mfanyabiashara mbele ya rafiki zake na mwenye kujifurahisha mbele ya masikini.

La pili ni kuuza. Akimpata mtu anayekitaka kwa bei mara tatu, na wote wawili wameridhia, mauzo ni sahihi. Ila asiseme hakijanolewa hali kimenolewa, wala hakijafunguliwa hali alikifungua kila usiku, maana kwa wanunuzi wa namna hii huo ndio ubovu wa bidhaa, na kuuficha ni ghashi.

La tatu halikuulizwa, bali twaliongeza. Sanduku lile mkewe halijui thamani yake, wala mama yake. Siku akifa, vitatolewa vikagawiwa jikoni, au atakuja rafiki mjuzi avichukue vyote kwa bei ya visu vya kukatia vitunguu, na mayatima wadhulumiwe haki yao hali wanashukuru. Basi na aketi leo hii aandike karatasi: kisu fulani, nambari fulani, alikinunua kwa kiasi gani na leo chaweza kuuzwa kwa nani. Aitie ndani ya sanduku, na nakala yake ampe mkewe.