Tazama na Kinywa

Tukitaja madhara ya pombe, wengi hukimbilia ini. Leo tazama kinywa. Anayelewa kila siku mara nyingi hulala bila kupiga mswaki, na pombe hukausha mate, ambayo ndiyo kinga ya meno. Fizi huvimba, hutoa damu, meno yakalegea. Kubwa zaidi ni saratani: mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu inayojeruhi chembe hai za kinywa na koo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka tangu 1988 kwamba pombe husababisha saratani ya kinywa na koo, iwe gongo au bia ya dukani. Sigara ikiongezwa, hatari hupanda mno. Baba au kaka yako ana kidonda mdomoni kisichopona wiki ya 3 sasa? Mpeleke kwa daktari wa meno leo, bila kumsimanga.